Dawa Ikae Mfupani

Hoja ninayoipinga husemwa kwa sauti ya upole, na ndiyo maana imedumu bila kuulizwa maswali. Husema hivi: kaunti kama Embu, na hasa upande wake wa chini uliokauka, Gachoka na Kiritiri na vijiji vya kuelekea mabwawa, haina haja ya kufikiria vipandikizi vinavyotoa dawa ndani ya mfupa. Hivyo ni vitu vya Ulaya, au vya hospitali za kibinafsi za Nairobi, au vya mwenye nauli ya kwenda India. Sisi tupate kwanza glavu, pamba na sindano za kutosha. Mgonjwa ambaye mfupa wake umeingia usaha apewe dawa ya mshipa kwa wiki sita, kisha vidonge, kisha aombewe. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao wameona maghala ya dawa yakiwa matupu, wakaona pia mashine za bei kubwa zikifungiwa vyumbani bila mtu wa kuziendesha, wakaapa kutodanganywa tena na kitu chochote kinachong'aa. Lakini katika jambo hili wamekosea, na kosa lao lina gharama: kilicho rahisi wamekiita anasa, na kilicho anasa wamekiita matibabu ya kawaida. Wiki sita za kulazwa ndizo anasa. Dawa inayowekwa mfupani mara moja ikabaki huko ikifanya kazi ndiyo tiba ya mtu anayeishi mbali na hospitali.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana malumbano mengi kuhusu dawa hupotea kwa kuusahau. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda imekuwa usafiri na ajira ya vijijini, na Mbeere, yaani upande huu wa chini wa Embu, ina sababu yake ya ziada ya kukimbia: muguka. Jani hilo likinyauka bei huanguka, kwa hiyo kila aliye katika biashara hiyo, kuanzia shambani hadi kwenye gari la kwenda Mombasa, anashindana na saa. Pikipiki ikianguka, mara nyingi kinacholipa ni mguu chini ya goti. Muundi umefunikwa kwa mbele na ngozi tu. Hauna nyama ya kuukinga wala damu nyingi ya kuuponya. Ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi, na mchanga wa barabara huingia. Kuna pia wale wasioanguka popote: watoto ambao bakteria, mara nyingi stafilokokasi, husafiri ndani ya damu yao kutoka kwenye jipu dogo na kutua karibu na goti au nyonga. Homa hudhaniwa malaria, mguu unaouma hukandwa, na hospitali inapofikiwa usaha umekwisha kuubandua utando wa juu wa mfupa. Njia hizi mbili huishia mahali pamoja: kipande cha mfupa kilichokufa, kimezungukwa na usaha, na tundu kwenye ngozi linalotiririka mwezi baada ya mwezi, wakati mwingine mwaka baada ya mwaka.

Kipande hicho kimekufa kwa sababu damu haikifikii tena. Dawa ya mshipa, iwe ya bei rahisi au ya bei ya kutisha, husafiri kwa damu na huishia pale damu inapoishia. Watu wa Gachoka hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Nyaya za umeme kutoka Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere zimepita juu ya nchi hii kwa miongo mingi zikielekea Nairobi, huku nyumba nyingi zilizo chini yake zikiwasha koroboi. Umeme ulikuwapo; haukuwa na njia ya kushuka. Hivyo ndivyo dawa ya mshipa inavyoupita mfupa uliokufa, na kuongeza kipimo cha dawa hakuongezi njia. Tena kuna ugumu wa pili. Bakteria waliotua juu ya mfupa uliokufa au juu ya chuma cha kushikizia mfupa hujijengea utando, na wakiwa ndani ya utando huo huhitaji dawa nyingi mara mia, hata mara elfu, kuliko wakiwa wanaelea peke yao. Kiasi hicho hakiwezi kupitishwa katika damu ya mtu akabaki salama. Jentamisini ikizidi katika damu huharibu figo na masikio, ndiyo maana madaktari huchunga kilele chake kisipande mbali na miligramu kumi au ishirini kwa lita. Ikiachiliwa ndani ya shimo la mfupa lenyewe, kiwango cha pale pale hufikia mamia ya miligramu kwa lita katika siku za mwanzo, na kile cha kwenye damu kwa kawaida hubaki chini sana.

Wanaodai kwamba teknolojia hii ni changa mno kwa hospitali zetu wangefaa kuangalia kalenda. Heinrich Dreesmann, daktari wa Bonn, alichapisha mwaka 1892 maelezo ya kujaza mashimo ya mifupa kwa plasta iliyochanganywa na fenoli, dawa ya kuua vijidudu ya wakati huo. Reli ya Mombasa ilikuwa haijaanza kujengwa. Mwaka 1970, huko Hamburg, Hans Wilhelm Buchholz na mwenzake Engelbrecht walieleza jinsi antibiotiki ikichanganywa na saruji ya kushikizia nyonga bandia inavyovuja polepole kutoka katika saruji hiyo iliyokauka. Katika muongo huo huo Klaus Klemm wa Frankfurt aliitengeneza saruji yenye jentamisini kuwa shanga za milimita saba, akazitunga kwenye waya, akazijaza katika shimo lililosafishwa la mfupa na kuzitoa baada ya wiki kadhaa. Mtoto aliyezaliwa Hamburg mwaka 1970 sasa amepita umri wa miaka hamsini. Baadaye zilikuja aina zisizohitaji kutolewa, zilizotengenezwa kwa salfeti ya kalsiamu, madini yale yale ya plasta ya Dreesmann yakiwa yamesafishwa kwa kiwango cha hospitali, ambazo huyeyuka mwilini ndani ya wiki chache na kuacha nafasi kwa mfupa mpya. Kwa hiyo tusiambiwe tunangoja kitu kikomae. Kilikomaa zamani, kinachongojwa ni uamuzi wa kukinunua.

Ushahidi je? Upo, na hauna nguvu sawa kila mahali, nami sitaupaka rangi. Mwaka 1995 Ostermann, Seligson na Henry wa Louisville, Kentucky, walichapisha hesabu ya mivunjiko ya wazi 1,085. Waliotibiwa kwa dawa ya mshipa peke yake walipata maambukizi kwa asilimia 12. Waliowekewa pia shanga za dawa walipata kwa asilimia 3.7. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo mpinzani ana haki ya kusema kwamba huenda makundi mawili hayakulingana. Ana haki hiyo, lakini tofauti ya mara tatu katika idadi kubwa kiasi hicho haifutwi kwa kutikisa kichwa. Mwaka 2016 Martin McNally na wenzake wa Oxford walieleza wagonjwa 100 wenye maambukizi sugu ya mfupa, waliosafishwa na kujazwa kwa operesheni moja kitu kinachoyeyuka chenye jentamisini. Asilimia 96 walikuwa hawana tena maambukizi walipofuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Hao nao hawakuwa na kundi la kulinganisha. Jaribio la kura lilikuja Marekani mwaka 2021, kwa unga wa vankomisini ulionyunyizwa moja kwa moja kwenye jeraha la watu 980 waliovunjika muundi karibu na goti au kifundo: maambukizi ya ndani yalikuwa asilimia 6.4 kwa waliopata unga na 9.8 kwa wasioupata. Kwa kipimo cha wanatakwimu tofauti hiyo ilikosa kidogo tu kuvuka mstari. Kwa bakteria ambao vankomisini huwaua, ilivuka. Na wale wanaotaka ushahidi wa nyumbani watazame Dar es Salaam. Madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wameanzisha majaribio ya kudunga jentamisini ndani ya jeraha la muundi uliovunjika wazi. Hicho si kipandikizi, lakini wazo ni lile lile, dawa ipelekwe pale inapotakiwa, na dawa yenyewe ni ile inayopatikana katika hospitali ya kawaida ya wilaya. Waafrika Mashariki wenyewe wameona kwamba swali hili ni lao.

Sasa nifike kwenye umbali, kwa sababu hapa ndipo hoja ya wapinzani inapogeuka na kuwapinga wenyewe. Wanasema Gachoka ni mbali na hospitali kubwa, kwa hiyo tiba ya aina hii haiifai. Mimi nasema Gachoka ni mbali na hospitali kubwa, kwa hiyo ndiyo inayoifaa kuliko zote. Fikiria kile hasa kinachodaiwa na wiki sita za dawa ya mshipa. Zinadai kitanda katika wodi ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Embu, ile iliyokuwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Mashariki, kwa siku 42. Zinadai muuguzi wa kuchoma dawa mara mbili au tatu kila siku, usiku ukiwemo, na mshipa wa mkono usioziba. Zinadai jamaa wa kuleta chakula na kulipa matatu kwenda na kurudi. Kwa mwenye bodaboda zinadai mwezi na nusu bila mapato, na mkopo wa pikipiki hausubiri. Kwa mama mwenye shamba zinaweza kula msimu mzima wa ndengu au mtama, maana mvua za Mbeere ni fupi na haziahirishwi. Matokeo yake hayahitaji mtabiri. Mgonjwa huomba ruhusa wiki ya pili, au hutoroka wiki ya tatu, akiwa amepata nusu ya dawa: nyingi za kutosha kuwafundisha bakteria usugu, chache mno kuwamaliza. Utaratibu wa wiki sita ulizoeleka katika nchi ambazo mgonjwa aliyepata nafuu hurudi nyumbani na mrija kwenye mshipa wake, na muuguzi akamfuata huko kwa gari. Sisi tulichukua ule muda tukaacha lile gari.

Dawa iliyokaa mfupani haitoroki na haisahauliki. Haihitaji nauli, na haikosi siku ya mgomo wa wahudumu wa afya, jambo ambalo Kenya inalijua vizuri tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013. Mgonjwa aliyesafishwa mfupa, akawekewa dawa ndani na kufungwa jeraha, anaweza kurudi Gachoka baada ya siku chache akiwa na vidonge vyake, akaangaliwa kidonda katika kituo cha afya kilicho karibu, na kurudi Embu kwa miadi tu. Sisemi kwamba hilo linamwondolea kila hatari. Nasema linahamisha sehemu ngumu ya tiba kutoka kwenye wiki sita ambazo hatuwezi kuzisimamia hadi kwenye saa mbili za operesheni ambazo tunaweza. Hata kwa mtazamo wa pesa za umma hesabu ni hiyo hiyo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa kulazwa kwa kiwango cha kila siku. Mfuko unaokubali kulipia siku 42 za kitanda bila swali, kisha ukasita mbele ya bei ya pakiti ya saruji yenye dawa, haujabana matumizi. Umeyaficha tu mahali yasipoonekana.

Mpinzani mwenye kusoma atanijibu kwa jaribio la OVIVA, nami namshukuru kwa kulileta. Jaribio hilo la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, liligawanya kwa kura watu 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo: nusu dawa ya mshipa kwa wiki sita, nusu vidonge. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 14.6 ya kundi la mshipa na asilimia 13.2 ya kundi la vidonge. Kwa hiyo, atasema, kama vidonge vinatosha, vipandikizi ni vya nini? Asome pia sehemu ya wagonjwa. Zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa wamefanyiwa upasuaji kwanza. Mfupa uliokufa ulikuwa umekwisha kutolewa, au chuma chenye utando kimesafishwa au kubadilishwa. OVIVA haikulinganisha vidonge na dawa iliyowekwa mfupani. Ililinganisha njia mbili za kuifikisha dawa katika damu, na ikakuta kwamba ile tuliyoiheshimu kwa miaka mingi haikuwa na la ziada. Kilichoangushwa hapo ni ile dripu ya wiki sita, yaani tiba ile ile ambayo watetezi wa kawaida wanaiita msingi. Mimi nakubali vidonge. Vidonge baada ya usafi mzuri, pamoja na dawa katika shimo lililobaki, ndio mpango ninaoutetea.

Pingamizi la usugu ni zito zaidi, na halijibiwi kwa mzaha. Saruji yenye dawa huachilia nyingi katika siku za kwanza, kisha huendelea kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya dawa haitoki kamwe. Ule mkia mrefu wa kiasi kidogo ndio unaolea bakteria sugu. Mwaka 1989 madaktari wa Uingereza walieleza jambo hilo kwa nyonga bandia zilizowekwa kwa saruji yenye jentamisini: zilizoambukizwa baadaye zilielekea kuwa na stafilokokasi sugu kwa dawa hiyo hiyo. Ndiyo sababu shanga za saruji lazima zitolewe kwa wakati, na ndiyo sababu salfeti ya kalsiamu, inayokwisha yote, ina faida ambayo bei yake haionyeshi. Lakini mpinzani asiishie hapo kana kwamba tiba anayoitetea haina dhambi hii. Usugu katika kaunti zetu haukuletwa na shanga. Umeletwa na seftriaksoni inayochomwa kwa kila homa, na vidonge vinavyouzwa kwa nusu dozi dukani, na jeraha linalotibiwa miezi minane kwa dawa tatu tofauti bila hata mara moja kipande cha mfupa kupelekwa maabara kuoteshwa. Nikiambiwa nichague moja tu kati ya maabara inayootesha vijidudu na sanduku la shanga, nitachagua maabara. Ila sijaona ni nani aliyelazimisha uchaguzi huo, na daktari anayefungua mfupa ili aweke dawa anakuwa tayari na kipande cha kupeleka maabara mkononi mwake.

Kuna ugumu mwingine ambao wapinzani hawautaji, nami nautaja kwa sababu ndio wa kweli. Jentamisini ya kawaida katika hospitali zetu huja kama maji: ampuli ya mililita mbili yenye miligramu 80. Ukitaka gramu moja ya kuchanganya na pakiti moja ya saruji ya gramu 40, unahitaji ampuli kumi na mbili na nusu, yaani mililita 25 za maji, kuzidi hata kile kimiminika cha kukandia saruji yenyewe. Saruji haitashika ipasavyo. Vankomisini huja kama unga na huchanganyika vizuri, lakini ni ya bei zaidi, haiwagusi bakteria wengi wa uchafu wa barabarani, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Njia nyepesi ni kununua saruji iliyochanganywa kiwandani tayari. Hapo ndipo ukuta ulipo: saruji si dawa, ni kifaa, dawa iliyo ndani yake si kifaa, ni dawa, na orodha za ununuzi za kaunti zimegawanywa kati ya makabati hayo mawili. Kitu kisicho na kabati hakinunuliwi. Hilo si tatizo la sayansi wala la umaskini. Ni tatizo la fomu, na fomu hurekebishwa na karani akiagizwa na bosi wake. (Na kwa kuwa watu wetu ni wabunifu, niseme wazi: plasta ya bandeji inayofungiwa mkono uliovunjika haifai kutiwa ndani ya mfupa. Haikutakaswa kwa kazi hiyo, hata kama madini yake ni ndugu.)

Nisidhaniwe natetea kila kitu kinachoitwa kipandikizi chenye dawa. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha sifongo yenye protini ya kuotesha mfupa kwa upasuaji wa uti wa mgongo. Ikauzwa kwa bei kubwa na kwa sifa kubwa zaidi, na kufikia 2011 jarida la The Spine Journal lilitoa toleo zima kuonyesha kwamba tafiti zilizolipiwa na tasnia zilikuwa zimeripoti madhara yake kuwa madogo kuliko yalivyo. Wala si kila ugonjwa wa mfupa unadai dawa ya pale pale. Kifua kikuu cha uti wa mgongo ni mfano bora wa kinyume: majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza miaka ya 1960 katika nchi kadhaa, Korea na Rhodesia ya wakati huo zikiwemo, yalionyesha kwamba wagonjwa wengi hupona kwa vidonge wakiwa nyumbani, bila kisu na hata bila kulala kitandani. Bakteria wa kifua kikuu wana tabia nyingine na dawa zao huingia kule. Anayeyachanganya magonjwa haya akadai shanga kwa kila mfupa atawapa wapinzani wangu ushindi wa bure. Hoja yangu ni finyu, na ufinyu ndio nguvu yake: mfupa uliokufa wenye usaha, na mvunjiko wa wazi ulioingia mchanga.

Linabaki neno "kwanza". Kwanza barabara salama, kwanza helmeti, kwanza dawa ya kinga ichomwe ndani ya saa moja baada ya ajali, kwanza daktari wa mifupa wa kusafisha jeraha kwa ustadi. Kila moja ya hizo nakubaliana nayo, na ya mwisho naiona sharti: dawa iliyowekwa juu ya mfupa uliokufa usiokatwa ni pesa iliyozikwa. Hakuna shanga inayochukua nafasi ya kisu, wala inayoziba jeraha lisilo na ngozi. Lakini tazama jinsi neno hilo linavyotumiwa. Huwa halifuatwi na "pili". Eneo bunge la Gachoka limebadilishwa jina likawa Mbeere Kusini tangu uchaguzi wa 2013, na yale ya kwanza bado yanatajwa kuwa ya kwanza. Mgonjwa mwenye tundu linalotoa usaha hana faida na helmeti. Kwake, kinga imekwisha kupita. Na sijui kwa nini ni yeye anayetakiwa kungoja foleni ya mambo yote mema ikamilike, wakati bodi ile ile ya hospitali hainunui vitanda vya wodi kwa masharti ya barabara kutengenezwa kwanza. Ikiwa tayari tunamfungua mtu mguu, tukausafisha, tukalipia dawa ya usingizi na kitanda, basi kukataa kuacha dawa ndani ya shimo tulilolichimba wenyewe, eti kwa sababu mengine hayajakamilika, ni uzembe uliojivika joho la busara.

Kinachotakiwa ni kidogo. Kamati ya dawa ya hospitali ya rufaa ya Embu iweke saruji yenye jentamisini na salfeti ya kalsiamu katika orodha yake ya ununuzi, chini ya kabati lolote wanalotaka, na iagize kwa idadi ndogo inayolingana na operesheni zinazofanywa. Kila mfupa unaofunguliwa upelekewe kipande maabara, na matokeo yaandikwe katika daftari linaloweza kusomwa mwaka unaofuata. Shanga zikiwekwa, tarehe ya kuzitoa iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa na simu ipigwe, maana shanga zilizosahauliwa ni deni. SHA iweke bei ya operesheni hii ikiwa na dawa ndani yake, badala ya kulipa siku za kitanda. Wawakilishi wa wadi za Mbeere, ambao hupiga kelele kwa haki muguka ikiguswa, waulize katika bunge la kaunti ni wagonjwa wangapi wa mifupa yenye usaha wamelala Embu zaidi ya mwezi mwaka huu, na kila mmoja amegharimu kiasi gani. Jibu la swali hilo likiwekwa mezani pamoja na bei ya pakiti moja ya saruji, nitakuwa tayari kusikiliza tena ni ipi kati ya hizo mbili inayostahili kuitwa anasa.